Njia Finyu ya Mgeni: VPN Inapokwama Kwenye Ngome ya Ofisi

*Wakaguzi, washauri na mafundi wa nje hufika ofisini na kompyuta zinazopaswa kuwasiliana na waajiri wao kwa njia ya siri, na ngome ya mtandao wa mwenyeji huizuia njia hiyo. Makala haya yanachambua chanzo cha mkwamo huo, hoja za kila upande na namna ya kuumaliza bila kuhatarisha usalama wa yeyote.*

Mkaguzi wa hesabu wa nje anapoketi katika chumba cha mikutano cha taasisi aliyokuja kuikagua, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hitaji lake la kwanza baada ya kiti na meza ni intaneti, na la pili ni kuwasha programu ya VPN iliyomo katika kompyuta mpakato yake ili azifikie seva za mwajiri wake. Mara nyingi la kwanza hufanikiwa na la pili hushindikana: Wi-Fi inashika na kurasa za magazeti zinafunguka, lakini programu ya VPN inaendelea kuonyesha kwamba inaunganisha, kisha inatoa taarifa kwamba seva haijibu.

Kwa kawaida seva hiyo ni nzima. Kilichotokea ni kwamba pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, zimezuiliwa na ngome ya mtandao, ambayo mafundi wengi huiita fayawoli na ambayo kazi yake ni kuamua mawasiliano yapi yaingie, yapi yatoke na yapi yatupwe. Mwenyeji hakukusudia kumzuia mgeni, wala mgeni hakukusudia kuvunja utaratibu wa mwenyeji. Taratibu mbili za usalama, kila moja ikiwa halali kwa upande wake, zimekutana mahali ambapo hakuna aliyeandika zipishane vipi.

Jambo hili huonekana dogo mpaka lipimwe kwa kazi inayosimama. Mkaguzi hawezi kufungua majalada ya ukaguzi, mshauri anayelipwa kwa siku anapoteza siku bila kazi, na fundi aliyeitwa kurekebisha mfumo wa malipo hawezi kupakua programu anayohitaji, huku ofisa TEHAMA wa taasisi akishinikizwa na mkurugenzi azime ngome ili wageni wafanye kazi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kumfungulia mgeni njia finyu, iliyoandikwa na yenye kikomo cha muda, ni salama kuliko kumkatalia kabisa, na ni salama mno kuliko kumfungulia kila kitu.

Handaki na ngome

VPN, au mtandao binafsi pepe, ni utaratibu unaoiwezesha kompyuta iliyo mbali kuungana na mtandao wa ofisi kupitia intaneti ya umma, huku data zote zikiwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa mfuatano usiosomeka na yeyote asiye na ufunguo. Njia hiyo iliyosimbwa huitwa handaki, na ina ncha mbili: programu iliyo kwenye kompyuta ya mgeni, na lango la VPN lililoko makao makuu ya mwajiri wake.

Ngome nayo husoma maelezo yaliyo mbele ya kila pakiti: anwani ya IP inakotoka, anwani inakokwenda, aina ya itifaki, yaani kanuni za mawasiliano zinazotumika, na poti, ambayo ni namba kati ya 0 na 65535 inayotambulisha huduma ndani ya kompyuta. Kurasa za tovuti zilizosimbwa, kwa mfano, hutumia poti 443.

Ofisi zinazojali usalama hufuata kanuni ya kuzuia kila kitu isipokuwa kilichoruhusiwa kwa maandishi, na mara nyingi kinachoruhusiwa ni poti za tovuti na za barua pepe tu. Hiyo ndiyo sababu magazeti yanafunguka ilhali VPN inakwama: tovuti hupita katika poti iliyozoeleka, wakati VPN huhitaji poti, na pengine itifaki, ambayo hakuna aliyewahi kuiomba katika ofisi hiyo.

Historia inayoeleza kikwazo

Itifaki inayotumiwa sana na kampuni kubwa ni IPsec, ambayo viwango vyake vya kwanza vilichapishwa mwaka 1995 na kuandikwa upya mwaka 1998. Mazungumzo yake ya awali, ambapo pande mbili hutambuana na kukubaliana funguo, hupita katika poti 500 ya UDP, aina ya usafirishaji ambao hausubiri uthibitisho wa kila pakiti. Data zenyewe hubebwa na itifaki nyingine iitwayo ESP, ambayo ni itifaki namba 50 na haina poti kabisa.

Kukosa poti kulileta taabu kwa sababu ya mabadiliko yaliyotokea kipindi hicho hicho. Anwani za IP za toleo la nne ni takriban bilioni 4.3 tu, na ilipoonekana kwamba hazitatosha, ulichapishwa mwaka 1994 utaratibu wa kutafsiri anwani, uitwao NAT, ambao huziwezesha kompyuta nyingi za ofisi moja kutumia anwani moja ya umma. Mwaka 1996 yalithibitishwa mafungu ya anwani za ndani zinazoanza na 10, na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31.

Kifaa cha NAT hukumbuka kila mawasiliano kwa namba ya poti, hivyo jibu linaporudi hujua ni la kompyuta ipi. Pakiti ya ESP isiyo na poti inapofika, kifaa hakina cha kushika. Watengenezaji wa ruta walibuni njia ya kuipitisha kwa kubahatisha, lakini nyingi ziliweza kumhudumia mgeni mmoja tu kwa wakati mmoja, na matokeo yake wakaguzi wawili wa kampuni moja wanapoketi meza moja, wa kwanza hupata mawasiliano na wa pili hukwama, au humkatia mwenzake.

Suluhisho rasmi lilichapishwa Januari 2005: pakiti ya ESP huwekwa ndani ya pakiti ya UDP yenye poti 4500, kama barua iliyofungwa inavyotiwa katika bahasha ya pili ambayo posta inaweza kuisoma anwani yake bila kuigusa barua ya ndani. Tangu hapo ngome inayotaka kuruhusu IPsec ya mgeni huhitaji kufungua poti 500 na 4500 za UDP, zote mbili kwa pamoja.

Itifaki nyingine zilifuata njia zao. PPTP, iliyotumiwa sana kwa kuwa ilikuja pamoja na Windows, ilihitaji poti 1723 ya TCP, usafirishaji unaosubiri uthibitisho, na itifaki namba 47, lakini udhaifu wa utekelezaji wake uliofanywa na Microsoft ulionyeshwa na Bruce Schneier na mwenzake mwaka 1998, na Apple iliiondoa katika simu na kompyuta zake mwaka 2016. Mwenyeji anayeombwa kuifungua leo ana haki ya kukataa.

OpenVPN ilianzishwa mwaka 2001 na James Yonan, ambaye wazo hilo lilimjia akiwa safarini Asia ya Kati, akilazimika kufika kwenye mtandao wa ofisi yake kupitia mitandao ya wengine. Kwa kawaida hutumia poti 1194 ya UDP, ingawa inaweza kuhamishiwa poti 443. WireGuard ya Jason Donenfeld, iliyoingizwa katika kiini cha Linux Machi 2020, hutumia UDP peke yake, aghalabu kwa poti 51820.

> *Ngome inayotaka kuruhusu IPsec ya mgeni huhitaji poti 500 na 4500 za UDP, zote mbili kwa pamoja.*

Kumbukumbu za ngome zinasema nini

Chanzo cha mkwamo huonekana wazi zaidi ofisa TEHAMA anapofungua kumbukumbu za matukio za ngome yake na kufuatilia anwani ya kompyuta ya mgeni wakati mgeni huyo anabonyeza kitufe cha kuunganisha.

Katika IKE toleo la pili, itifaki ya mazungumzo ya IPsec, pakiti ya kwanza hutoka kwenda poti 500 na jibu hurudi. Ndani ya pakiti hizo mbili kila upande hutuma alama ya kihisabati iliyokokotolewa kutokana na anwani na poti zake, na upande wa pili ukikokotoa yake na kukuta hazilingani, hutambua kwamba kati yao kuna kifaa cha NAT kilichobadilisha anwani njiani. Papo hapo mazungumzo huhamia poti 4500, na pakiti ya tatu, ambayo ndiyo yenye utambulisho wa mgeni, hupelekwa huko.

Pale ambapo ofisa alifungua poti 500 peke yake, kumbukumbu huonyesha mistari miwili iliyoruhusiwa, kisha mfululizo wa mistari iliyozuiwa kwa sababu kompyuta inarudia kutuma pakiti ile ile. Kwenye skrini ya mgeni hakuna dalili ya hayo yote, na yeye huendelea kuamini kwamba seva ya mwajiri wake imezimika.

Wakati mwingine poti zote mbili ziko wazi na bado utambulisho unashindikana. Kampuni nyingi hutumia cheti cha kidijitali badala ya nywila, na ujumbe unaobeba vyeti unaweza kuzidi baiti 1500, ambazo ndizo ukubwa wa kawaida wa pakiti katika mtandao wa waya, hivyo hulazimika kugawanywa. Ngome nyingi hutupa vipande vya namna hiyo kwa kuwa vimewahi kutumiwa kuficha mashambulizi. Kiwango kilichochapishwa mwaka 2014 kinaruhusu IKE yenyewe kuugawa ujumbe kabla ya kuutuma, lakini hakina faida mpaka pande zote mbili zikiwashe.

Mgeni ambaye VPN yake imeunganika naye hajavuka bado. Handaki huongeza maelezo yake mbele ya kila pakiti na kupunguza nafasi ya data, na ikiwa ngome inazuia ujumbe wa ICMP unaoarifu kwamba pakiti ni kubwa mno, kompyuta haipati habari na huendelea kutuma pakiti zisizopita. Dalili yake hupotosha: ukurasa mwepesi unafunguka, ilhali barua pepe yenye kiambatisho inaganda.

Kipimo chake ni amri ya ping yenye sharti kwamba pakiti isigawanywe. Baiti 1472, zikijumlishwa na 28 za maelezo ya mbele, hutimiza 1500. Zikikwama lakini 1372 zikapita, njia hiyo inabeba walau 1400, na mpangilio wa handaki hupunguzwa kulingana na hapo. WireGuard huanza na 1420 kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna pia VPN inayokatika mgeni akienda kunywa chai. NAT hufuta kumbukumbu ya mawasiliano ya UDP yaliyonyamaza kwa muda, na pakiti inayorudi hukosa mwenyewe. Tiba yake ni pakiti ndogo za kuonyesha uhai: kiwango cha IPsec hupendekeza moja kila sekunde 20, na watumiaji wa WireGuard walio nyuma ya NAT huweka sekunde 25.

Tatizo jingine hutokana na mafungu yale ya anwani za ndani kutumiwa na kila mtu. Mwenyeji akitumia anwani zinazoanza na 192.168.1, na makao makuu ya mgeni yakitumia hizo hizo, kompyuta inayotafuta seva yenye anwani 192.168.1.10 huitafuta ndani ya ofisi ya mwenyeji badala ya kuipeleka handakini, na hakuna poti itakayofunguliwa ikaliondoa tatizo hilo.

Hofu ya mwenyeji ni ya haki

Ofisa TEHAMA anayesita kufungua njia hana roho mbaya. Handaki lililosimbwa ni mawasiliano ambayo ngome yake haiwezi kuyaona ndani, na kompyuta iliyoko kwenye handaki hilo inaweza kutoa nyaraka nje bila kuacha alama nyingine zaidi ya kiasi cha data kilichopita.

Hofu ya pili inahusu kompyuta yenye miguu miwili, mmoja katika mtandao wa mwenyeji na mwingine katika mtandao wa mwajiri wa mgeni. Baadhi ya VPN hupangwa kwa mgawanyo, yaani data za kazi hupita handakini na nyingine huenda moja kwa moja mtandaoni, na kompyuta ya namna hiyo ikiambukizwa programu hasidi inaweza kuwa daraja kati ya mitandao miwili ambayo haikukusudiwa kukutana.

Mifano ya madhara yanayoletwa na watu wa nje ipo. Mwishoni mwa 2013 wezi waliingia katika mtandao wa kampuni ya maduka ya Target ya Marekani kwa kutumia utambulisho ulioibwa kwa mkandarasi wake wa mifumo ya majokofu na viyoyozi, na taarifa za kadi za malipo zipatazo milioni 40 zikachukuliwa. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta hadi pwani ya mashariki ya Marekani, ilisimamisha bomba lake baada ya wahalifu kuingia kupitia akaunti ya zamani ya VPN iliyolindwa kwa nywila pekee, na ikalipa fidia ya takriban dola milioni 4.4.

Matukio hayo mawili yanafundisha jambo moja linalogusa mada hii. Hakuna hata moja lililosababishwa na mgeni aliyeruhusiwa kutoka nje kupitia poti mbili zinazojulikana. Yote mawili yalitokana na njia za kuingilia ndani ambazo hazikuwa zikisimamiwa ipasavyo na utambulisho ambao haukulindwa vya kutosha. VPN ya mgeni huelekea nje, na hatari yake hutegemea zaidi mahali kompyuta yake ilipowekwa ndani ya ofisi kuliko poti iliyofunguliwa.

Mgeni naye ana wajibu

Kwa upande wa mgeni, VPN ni sharti la kazi. Mkaguzi hubeba taarifa za mishahara, mikataba na madeni ya taasisi anayoikagua, na taarifa hizo zikipita wazi katika Wi-Fi ya watu wengine, wa kwanza kuumia ni mwenyeji mwenyewe.

Aidha, kompyuta nyingi za kazi hupangwa na mwajiri ili VPN iwake wakati wote na mtandao mwingine usifanye kazi mpaka handaki liunganike. Mpangilio huo hugongana na ukurasa wa kuingilia unaotumiwa na Wi-Fi za wageni, ambao humtaka mtu aandike jina au namba ya siri kabla ya kupata intaneti: VPN inangoja intaneti, ukurasa unangoja kufunguliwa, na kila kimoja kinamzuia mwenzake.

Mgongano mwingine hutokea ngome inapokagua data zilizosimbwa kwa kuzifungua katikati ya njia na kuweka cheti chake badala ya cha seva. VPN iliyotengenezwa vizuri hukikataa cheti hicho na kukata mawasiliano, na inafanya sawa, kwa kuwa hivyo ndivyo mwizi wa njiani angejitokeza.

Ofisa TEHAMA anapomwambia mgeni abadilishe poti au azime ukaguzi wa cheti, kwa kawaida anamwomba jambo asilo na mamlaka nalo, kwa sababu mipangilio imefungwa na mwajiri wake. Mwafaka huhitaji mawasiliano kati ya mafundi wa pande mbili, na mgeni akibaki kuwa mjumbe wa ujumbe asiouelewa, siku huisha bila ufumbuzi.

Njia za pembeni

Kumkatalia mgeni hakuondoi haja yake. Anayekataliwa hununua bando, huwasha intaneti ya simu yake na kuendelea na kazi, na ikiwa kompyuta hiyo bado imechomekwa kwenye waya wa ofisi ili isome mfumo wa hesabu, mwenyeji amepata lile daraja alilokuwa akiliogopa, na sasa halionekani katika kumbukumbu zozote za ngome.

Mwingine hupakua VPN ya bure isiyojulikana mmiliki wake, ambayo hujificha katika poti 443, na hivyo data za taasisi hupita katika seva za mtu ambaye mwenyeji na mwajiri wa mgeni wote hawana mkataba naye.

Hatari ya tatu hutoka kwa mwenyeji mwenyewe pale ofisa aliyechoka kusukumwa anapoandika ruhusa ya kila anwani, kila poti na kila mahali, akisema ataiondoa jioni. Ni ufumbuzi wa funika kombe mwanaharamu apite: ukaguzi unakwisha, wageni wanaondoka, na ruhusa inabaki kwa miaka kwa sababu hakuna karatasi inayomkumbusha yeyote kwamba ipo.

> *Anayekataliwa hununua bando na kuendelea na kazi, na daraja alilojenga halionekani katika kumbukumbu zozote za ngome.*

Sheria inataka nini

Katika Tanzania suala hili lina upande wa kisheria ambao taasisi mwenyeji hazipaswi kuupuuza. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN kutoa taarifa za VPN hizo, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo.

Taarifa hiyo ilijengwa juu ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza matumizi ya teknolojia inayomwezesha mtu kuyafikia maudhui yaliyopigwa marufuku, na adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Taasisi inayowapokea wageni wenye VPN ina kila sababu ya kuwauliza mapema kama waajiri wao wametimiza sharti hilo.

Upande wa pili wa sheria unadai ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde, na Kenya ina sheria ya mwaka 2019 inayomtaka mwenye kusimamia taarifa aarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 taarifa hizo zinapovuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika. Mwenyeji anayemlazimisha mkaguzi kutuma orodha ya mishahara bila handaki anajiweka katika hatari ya kuvunja sheria hizo.

Vyuo vikuu vilikwishapatana

Kwamba mwafaka kati ya mwenyeji na mgeni unawezekana kumethibitishwa na vyuo vikuu. Mtandao wa eduroam, ulioanza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao nchini Kenya unaratibiwa na KENET na nchini Uganda na RENU, mitandao ya elimu na utafiti ya nchi hizo, humwezesha mwanafunzi au mhadhiri wa chuo kimoja kupata Wi-Fi ya chuo kingine kwa jina na nywila ya kwao.

Kanuni za huduma hiyo barani Ulaya hazikuishia kwenye kumtambua mgeni. Ziliorodhesha pia kwa majina na namba njia ambazo chuo mwenyeji kinapaswa kumwachia, zikiwemo itifaki namba 50, poti 500 na 4500 za UDP kwa ajili ya IPsec, na poti 1194 kwa ajili ya OpenVPN, ili mhadhiri aliyetembelea chuo cha mbali aweze kufanya kazi ya chuoni kwake.

Nguvu ya mfano huo iko katika kuandikwa mapema. Fundi wa chuo mwenyeji hahitaji kubishana na mgeni mlangoni wala kupiga simu kwa mkurugenzi, kwa kuwa makubaliano yalifanywa kabla mgeni hajafunga safari, na mgeni naye anajua asitegemee zaidi ya kilichoorodheshwa. Benki, wizara, hospitali na mashirika yanaweza kupatana vivyo hivyo na wageni wao wa mara kwa mara.

Namna ya kuijenga njia finyu

Msingi wa kwanza ni mtandao wa wageni uliotengwa. Swichi na vifaa vya Wi-Fi vya siku hizi vinaweza kugawa mtandao mmoja wa waya kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, kwa utaratibu uitwao VLAN, na kompyuta ya mgeni ikiwekwa katika fungu lake yenyewe lenye njia ya kwenda intaneti peke yake, handaki lake haligusi seva wala printa za mwenyeji. Kompyuta za wageni zizuiwe pia kuonana zenyewe kwa zenyewe, na fungu hilo lipewe anwani zisizozoeleka ili kupunguza uwezekano wa kugongana na za makao makuu ya mgeni.

Msingi wa pili ni ruhusa inayotaja vitu vinne: inakotoka, ambako ni fungu la wageni, inakokwenda, ambako ni anwani ya lango la VPN la mwajiri wa mgeni, poti na itifaki, na tarehe ya kuisha. Anwani ya lango ndiyo inayoifanya njia kuwa finyu, kwa sababu poti 4500 iliyofunguliwa kuelekea seva moja inayojulikana haimsaidii mtu mwenye nia ya kupeleka data kwingineko. Ngome nyingi za kisasa zina uwezo wa kuifuta ruhusa zenyewe tarehe ikifika, na uwezo huo utumike.

Fungu hilo la wageni liruhusiwe kupokea ujumbe wa ICMP unaotaja ukubwa wa pakiti, na lango la mgeni liondolewe katika ukaguzi unaofungua data zilizosimbwa. Wageni ambao VPN zao huziba ukurasa wa kuingilia watambuliwe kwa namna nyingine, kwa mfano kwa kusajili anwani ya kadi ya mtandao ya kompyuta yao siku wanapofika.

Baadhi ya kampuni hukwepa mazungumzo yote kwa kupitisha VPN katika poti 443 ya TCP. Njia hiyo husaidia panapokosekana makubaliano, lakini ina gharama: TCP inapobebwa ndani ya TCP nyingine, kila moja hujaribu kurudisha pakiti zilizopotea, na kwenye intaneti inayosuasua mwendo hushuka vibaya. Isitoshe, ngome zinazotambua aina ya programu huweza kuizuia hata katika poti hiyo, hivyo iwe akiba.

Msingi wa tatu ni karatasi. Fomu ya ukurasa mmoja, inayotumwa kwa mgeni pamoja na barua ya kumkaribisha, iulize aina ya VPN, anwani ya lango, poti, muda wa ziara, hali ya usajili wake kisheria, na jina na simu ya fundi wa mwajiri wake. Majibu yakifika siku tatu kabla, ofisa TEHAMA ana nafasi ya kuandika ruhusa na kuijaribu, na kumbukumbu za ngome husomwa na mafundi wawili wanaofahamiana badala ya mmoja aliyezungukwa na watu wenye haraka.

Dhamana ni ya uongozi

Mzigo huu umeachwa kwa muda mrefu mabegani mwa ofisa TEHAMA, ambaye hulaumiwa akizuia na hulaumiwa akifungua. Si haki, wala si usalama, kwa kuwa uamuzi wa nani aingie ofisini na afanye kazi gani ni wa uongozi, na mkurugenzi anayesaini barua ya kumwalika mkaguzi anapaswa kusaini pia utaratibu utakaomwezesha mkaguzi huyo kufanya kazi aliyoalikwa.

Gharama yake ni ndogo: mtandao wa wageni uliotengwa kwa vifaa ambavyo ofisi nyingi tayari zinavyo, fomu moja, na mapitio ya ruhusa zote za ngome walau kila robo mwaka ili zilizopitwa na wakati zifutwe. Mwajiri wa mgeni naye ana deni la kumpa mtumishi wake, kabla hajasafiri, maelezo ya VPN yake yaliyoandikwa kwa lugha ambayo fundi wa mwenyeji ataielewa. Taasisi zikifanya hivyo, mgeni ataanza kazi asubuhi ya kwanza, ofisa TEHAMA ataweza kueleza kila poti iliyo wazi na sababu yake, na taarifa za wananchi zilizomo katika majalada hayo zitasafiri zikiwa zimelindwa pande zote mbili.